Maswali ya Wasomaji: Kalipa Kubwa kwa Pikipiki ya Kruza, na Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua

SWALI: Ndugu Mwandishi, nakusalimu. Nina pikipiki aina ya kruza, ile ndefu yenye kiti cha chini. Ina diski moja mbele, kalipa (kifaa kinachozikandamiza pedi kwenye diski) ya kutelezea yenye pistoni mbili, na breki ya dramu nyuma. Niliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Breki ya mbele hunilazimisha kubana leva kwa vidole vyote vinne, na nikiwa nimepakia abiria kwenye mteremko mwendo hupungua polepole mno. Leva yenyewe si laini. Hukaza mapema, lakini nguvu haionekani kwenye gurudumu. Nimeshauriwa nifunge kalipa ya pistoni nne, nikaambiwa kwamba itanipa nguvu maradufu. Je, ni kweli? Na nikiifunga, kuna kingine cha kubadilisha?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua. Idadi ya pistoni peke yake haisemi lolote kuhusu nguvu ya breki. Kinachohesabiwa ni eneo la uso wa pistoni hizo likilinganishwa na eneo la pistoni ndogo iliyo ndani ya silinda kuu pale kwenye usukani, ambayo mafundi wengi huiita masta. Unapobana leva, pistoni ya masta huyasukuma mafuta, presha ile ile hufika kwenye kila pistoni ya kalipa, na kadiri uso wa pistoni za kalipa ulivyo mpana kuliko ule wa masta ndivyo pedi zinavyoikandamiza diski kwa nguvu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaouza kalipa hizi mara nyingi hawalitaji. Kalipa ya kutelezea, kama hiyo yako, ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni zinapoisukuma pedi ya upande wao, mwili wa kalipa huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya upande wa pili, hivyo diski hubanwa kutoka pande zote mbili kwa nguvu iliyo sawa. Kalipa isiyotelezea ina pistoni pande zote mbili zikitazamana. Pistoni nne zinazotazamana ni mbili kwa kila upande, na katika hesabu unachukua upande mmoja tu. Pistoni zako mbili, kwa hiyo, zinalinganishwa na mbili, wala si na nne.

Tufanye hesabu yenyewe kwa mfano. Kwa kuwa tunalinganisha miduara na miduara, inatosha kuzidisha kila kipenyo kwa chenyewe na kujumlisha. Tuchukulie kwamba kalipa yako ina pistoni mbili za milimita 27: kila moja inatupa 729, na jumla ni 1,458. Tuchukulie pia kwamba masta yako ni ya milimita 14, ambayo inatupa 196. Ukigawa 1,458 kwa 196 unapata 7.4. Sasa weka kalipa ya pistoni nne ambayo kila upande una pistoni moja ya milimita 34 na moja ya milimita 30. Upande mmoja unatupa 1,156 na 900, jumla 2,056, na ukigawa kwa 196 unapata 10.5. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 41 kwa mkono uleule unaobana leva ileile. Ni ongezeko kubwa na utalihisi siku ya kwanza, ila si maradufu. Na usidhani kwamba kila kalipa ya pistoni nne itakupa hata hilo: ukifunga yenye pistoni nne za milimita 25, upande mmoja unatoa 1,250 tu, ambayo ni pungufu ya kalipa uliyo nayo. Utakuwa umelipia pistoni mbili za ziada ili upate breki dhaifu zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vipenyo vipimwe kwa kalipa ya fundi, yaani kile kifaa cha kupimia, si kalipa ya breki, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kipenyo cha masta mara nyingi kimechorwa kwenye mwili wake. Cha pistoni za kalipa hupatikana kwenye mwongozo wa matengenezo au kwa kupima.

Nguvu hiyo ya ziada ina gharama yake. Pistoni pana zinahitaji mafuta mengi zaidi ili zisogee umbali uleule, na mafuta hayo yanatoka kwenye masta ileile, hivyo leva itasafiri mbali zaidi kuelekea kwenye mshikio kabla ya pedi kukaza. Katika mfano wetu mafuta yanayohitajika yanaongezeka kwa kiasi kilekile cha asilimia 41. Leva yako hukaza mapema, na hiyo ni ishara kwamba una nafasi ya kutosha ya kutoa. Lakini iwapo baada ya kufunga kalipa mpya leva inakaribia kugusa mshikio, wengine watakushauri ubadilishe masta pia na kuweka ya milimita 16. Rudi kwenye hesabu: 16 mara 16 ni 256, na 2,056 ukigawa kwa 256 unabaki na 8.0. Kati ya ile asilimia 41 uliyoinunua, umebaki na takriban asilimia 8. Leva itakuwa ngumu na ya kupendeza kwenye kidole, lakini itakudai nguvu karibu ileile unayoilalamikia leo. Kwa hiyo ibakize masta ya zamani maadamu leva haigusi mshikio na masta yenyewe ni nzima.

Hata hivyo, kabla ya kufikia huko, dalili ulizoeleza zinanifanya nishuku kwamba breki uliyo nayo haifanyi kazi inavyotakiwa. Leva laini inayozama huashiria upepo ndani ya mafuta, hozi iliyochoka au mafuta yaliyonyonya maji. Leva ngumu isiyo na nguvu ni habari nyingine: mara nyingi pini za kutelezea zimekauka au zimeshika kutu, pistoni moja imeganda, au pedi zimekuwa laini usoni kama kioo kwa sababu ya joto ama zimegusa mafuta. Pini zikishika kutu, pedi ya upande wa pili haifanyi kazi ipasavyo, na juhudi ya mkono wako huishia katika kuupinda mwili wa kalipa. Fungua kalipa, toa pedi, uzitazame zote mbili. Ikiwa moja imelika na nyingine bado nene, au moja imelika mshazari, umeshapata jibu. Safisha pini, uzipake grisi ya silikoni isiyodhuru raba, sukuma pistoni ndani na nje taratibu mpaka zote zisogee kwa wepesi, na badilisha sili za pistoni na raba za pini, maana sili hizo ndizo pia zinazoivuta pistoni nyuma kidogo unapoachia leva. Diski isafishwe kwa kisafishio cha breki na unene wake upimwe. Kiwango cha chini kimegongwa kwenye diski yenyewe, na diski iliyopungua chini ya hapo haifai kufungiwa kalipa yoyote, ya zamani wala mpya.

Pedi zenyewe zinastahili kuangaliwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Nyuma ya pedi nyingi kuna herufi mbili zinazoeleza kiwango cha msuguano, ya kwanza ikiwa ni ya pedi baridi na ya pili ya pedi iliyopata moto. Herufi F ni msuguano wa kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55, na H ni zaidi ya 0.55. Ukitoka kwenye pedi za FF ukaweka za HH, unaweza kupata ongezeko la nguvu linalokaribia lile la kalipa mpya, bila kubadilisha bolti hata moja. Pedi za HH kwa kawaida ni za unga wa metali uliochomwa, nazo hushika vizuri hata kwenye mvua. Lakini hula diski haraka zaidi, na hazifai kwa diski za chuma cha kalibu. Muulize mtengenezaji wa diski yako kabla ya kuziweka.

Ushauri wangu, basi, ni huu: ihudumie kalipa ya zamani kikamilifu, weka pedi bora, mafuta mapya na hozi yenye suka ya chuma cha pua ikiwa ile ya raba imezeeka, kisha uitumie pikipiki kwa muda. Ukiona bado inakupungukia, hasa ukiwa na abiria na mzigo, ndipo ununue kalipa, ukiwa tayari unajua vipenyo vyako. Na kumbuka kwamba mwisho wa yote kinachosimamisha pikipiki ni mshiko wa tairi barabarani. Kruza nyingi zina tairi la mbele jembamba, na kalipa haiwezi kuliongezea tairi hilo mshiko. Inachokupa ni juhudi ndogo ya mkono, uwezo wa kuipima breki kwa kidole kimoja au viwili, na ustahimilivu zaidi wa joto kwenye miteremko mirefu. Mambo hayo yana thamani kubwa kwa usalama wako, lakini ukiwa na breki kali kuliko tairi, vidole vyako vinapaswa kujifunza upya, polepole, mahali palipo wazi na pakavu.

SWALI: Mimi ni shabiki wa kruza, na rafiki yangu amenipa kalipa ya pistoni nne iliyotoka kwenye pikipiki ya mbio. Kalipa yangu ya sasa imefungwa mbele ya shokapu, upande wa kushoto, na rimu yangu ni ya spoku. Fundi ananiambia atachonga kibano cha kuiunganisha. Niangalie nini?

JIBU: Ndugu yangu, anza na spoku, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi ya aina hii hukwama. Kalipa ya kutelezea huwa na upande mwembamba kuelekea kwenye rimu, kwa kuwa pistoni zote ziko nje. Kalipa yako mpya ina pistoni upande wa ndani pia, nazo zinahitaji nafasi. Pikipiki za mbio nyingi zina rimu za aloi ambazo mikono yake iko mbali na kalipa, ilhali spoku hutoka kwenye habu na kupanuka kuelekea nje. Kata kipande cha ubao au kadibodi ngumu chenye umbo na unene wa kalipa, kishikilie mahali pake, kisha lizungushe gurudumu mzunguko mzima, ukikumbuka kwamba spoku hazikai zote sawasawa na kwamba gurudumu hucheza kidogo linapopata mzigo.

Nafasi ikitosha, tazama namna inavyofungwa. Kalipa zinazofungwa kwa bolti zinazoingia kutoka ubavuni na zile zinazofungwa kwa bolti zinazoelekea kwenye ekseli ni familia mbili tofauti, na hata ndani ya familia moja umbali kati ya bolti hutofautiana. Kwa zile za aina ya pili, milimita 100 na 108 ndizo za kawaida. Kibano kinaweza kuziba tofauti hizo, lakini ni kifaa kinachobeba nguvu yote ya kusimamisha pikipiki na watu waliomo juu yake, kwa hiyo kichongwe kwa mashine kutoka kwenye aluminiamu ya daraja la juu au chuma. Kibano kilichounganishwa kwa kuchomelea vipande vya bati nene sikikubali hata kidogo. Kalipa isiyotelezea haijirekebishi yenyewe kama ile ya kutelezea, hivyo diski lazima ipite katikati kabisa ya mwanya wake, na tofauti husahihishwa kwa washa nyembamba. Vilevile pedi zigusane na diski kwa kimo chake chote. Pedi inayotokeza nje ya ukingo wa diski huacha ukuta usiolika, na baada ya muda kuta za pedi hizo mbili zinaweza kugusana na kuizuia breki isikaze. Pima pia unene wa diski, maana kalipa hutengenezwa kwa diski ya unene fulani.

Sasa tuje kwenye suala la mbele ya shokapu, ambalo wengi hawalifikirii. Kalipa nyingi zenye pistoni za ukubwa tofauti huweka ile ndogo upande ambao diski inaingilia na ile kubwa upande inakotokea, ili pedi ilike sawasawa. Kwenye pikipiki ya mbio kalipa iko nyuma ya shokapu, mahali ambapo diski inapanda, hivyo pistoni ndogo iko chini na nipeli ya kutolea upepo iko juu. Kwenye pikipiki yako kalipa iko mbele, mahali ambapo diski inashuka. Ukiifunga nipeli ikiwa juu, pistoni ndogo itakuwa upande usio wake na pedi zitalika mshazari. Ukiipindua ili pistoni zikae sawa, nipeli itakuwa chini, na upepo hautatoka kamwe kwa kuwa hewa hupanda. Wapo wanaochagua njia ya pili na kuifungua kalipa kila mara wanapotoa upepo, wakiishikilia wima na kuweka kipande cha ubao katikati ya pedi. Inawezekana, lakini mimi ningetafuta kalipa yenye pistoni zilizo sawa, au iliyotengenezwa kwa kukaa mbele ya shokapu.

Jambo la mwisho kwako ni bolti ya hozi. Kalipa nyingi za Kijapani hutumia uzi wa M10 (kipenyo cha milimita 10) wenye hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.25, na nyingi za kampuni ya Brembo hutumia M10 yenye hatua ya milimita 1.0. Kwa macho zinafanana, na bolti isiyo yake huweza kuingia mizunguko michache kabla ya kuharibu uzi wa aluminiamu. Iingize kwa vidole. Ikikataa, usilete spana. Weka washa mpya za shaba, na bolti zote zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichotolewa na mtengenezaji wa kalipa.

SWALI: Nimebadilisha kalipa na nina chupa ya mafuta ya breki ya DOT 5. Kwenye kifuniko cha masta pameandikwa DOT 4. Kwa kuwa 5 ni kubwa kuliko 4, si bora zaidi?

JIBU: La, ndugu msomaji, usiyatie. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za jamii ya glaikoli, lakini DOT 5 ni ya silikoni, na silikoni haichanganyiki na glaikoli. Ukubwa wa namba hauonyeshi ubora. Harley-Davidson walitumia DOT 5 kwa miaka mingi kabla ya kuhamia DOT 4, ndiyo maana ushauri wa kutumia DOT 5 bado unasikika sana miongoni mwa wapenzi wa kruza. Soma kifuniko cha pikipiki yako na ukifuate. Ukitaka mafuta yanayostahimili joto zaidi, DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4: kiwango cha chini kabisa cha kuchemka cha DOT 4 mpya ni nyuzi 230 za Selsiasi, na cha DOT 5.1 ni nyuzi 260. Mafuta hayo yakishanyonya maji viwango hivyo hushuka hadi 155 na 180, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki imekaa tu.

SWALI: Pikipiki yangu ina ABS. Je, naweza kufunga kalipa kubwa zaidi?

JIBU: Sikushauri. Kompyuta ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki kwa nguvu, na vali zake zimepangwa kwa kiasi maalumu cha mafuta na kwa mwitikio wa kalipa ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukibadilisha eneo la pistoni, mfumo utakuwa unaachia na kukaza kwa vipimo visivyo vyake, na hutalijua hilo mpaka siku ya dharura. Hali ni hiyohiyo kwa pikipiki ambazo breki ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa. Kwako, pedi bora, hozi zenye suka ya chuma na mafuta mapya vinatosha, na utoaji wa upepo ufanywe kwa utaratibu wa mwongozo, kwa kuwa baadhi ya mifumo huhitaji kifaa cha kuamrisha pampu ya ABS.

SWALI: Ndugu Mwandishi, rafiki zangu wenye pikipiki za mbio huniambia kwamba breki ya nyuma haina kazi. Nikishaweka kalipa kubwa mbele, niiache dramu ya nyuma ilivyo?

JIBU: Rafiki zako wanasema yaliyo kweli kwa pikipiki zao, lakini si kwa yako. Unapofunga breki, uzito huhamia mbele kwa kiasi kinachotegemea kimo cha kitovu cha uzito kikigawanywa kwa umbali kati ya ekseli mbili. Tuchukulie pikipiki ya mbio ambayo kitovu hicho, pamoja na dereva, kiko sentimita 70 kutoka ardhini na ekseli ziko umbali wa sentimita 140, na uzito wake umegawanyika nusu kwa nusu. Ikifunga breki kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, asilimia 40 ya uzito inahamia mbele, na tairi la nyuma linabaki na asilimia 10 tu. Chukua sasa kruza yenye kitovu cha sentimita 60, umbali wa sentimita 165, na asilimia 55 ya uzito ikiwa nyuma tangu mwanzo. Kwa breki ileile inahamia asilimia 29, na nyuma panabaki asilimia 26. Robo ya uzito wote bado inalikandamiza tairi la nyuma, na ukiongeza abiria sehemu hiyo huzidi kukua.

Kwa hiyo dramu hiyo ni sehemu halisi ya uwezo wako wa kusimama. Fungua gurudumu, safisha vumbi kwa kitambaa chenye maji bila kulipuliza, kwa kuwa halifai kuvutwa puani, pima unene wa viatu vya breki, weka grisi kidogo kwenye kemu inayovitanua, na rekebisha nati ya fimbo ili pedali isizame sana kabla ya kushika. Alama ya kikomo iliyo kwenye mkono wa dramu itakuonyesha kama viatu bado vinafaa. Kisha, utakapokuwa unajizoeza na kalipa mpya, gusa pedali ya nyuma kidogo kabla ya leva ya mbele, ukizidisha ya mbele kadiri shokapu zinavyozama, na uanze kwa mwendo mdogo ukiwa peke yako kabla ya kumpakia mtu yeyote.